Uzi maalumu: Fungate kwenye nyumba za juu ya maji Maldivi, chagueni kisiwa kabla ya chumba

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila baada ya Idi, na kila Desemba inapokaribia, naletewa picha ile ile kwenye simu. Nyumba ya mbao juu ya maji ya feruzi, ngazi inashuka mpaka baharini, wawili wamekaa ukingoni miguu inaning'inia. Chini yake swali: "Dada, hapa ni shilingi ngapi?" Nafanya kazi ya kupangia watu safari hapa Dar, na swali hilo halijibiki hivi hivi. Picha hiyo inaweza kuwa ya kisiwa chochote kati ya visiwa vingi vya Maldivi vyenye nyumba za namna hiyo, na kati ya kisiwa na kisiwa kuna tofauti ya mamilioni ya shilingi na tofauti ya raha yenyewe. Nimeona niandike uzi mmoja, wenye kupanga fungate au kusherehekea miaka ya ndoa wausome kabla hawajatuma hela popote.

Ushauri wangu mkubwa nauweka juu kabisa: chumba kije mwisho. Anzeni na kisiwa. Vyumba vya juu ya maji vinafanana mno: kitanda kipana, kipande cha kioo sakafuni, bafu linalotazama bahari. Bahari iliyo chini yake ndiyo haifanani, na wengi hawaiulizi mpaka wamefika.

Jambo la kwanza ni namna ya kukifikia kisiwa. Maldivi ina visiwa karibu 1,200 vilivyotawanyika kutoka kaskazini hadi kusini, na karibu kila hoteli ya kifahari ina kisiwa chake peke yake. Mnashuka uwanja wa ndege wa Velana, karibu na mji mkuu Malé, halafu safari ya pili ndiyo inaanza. Visiwa vya jirani mnakwenda kwa boti ya kasi. Vya mbali ni ndege ndogo zinazotua majini, au ndege ya ndani ikifuatiwa na boti. Ndege za majini haziruki usiku hata kidogo. Mkitua Velana baada ya saa tisa na nusu alasiri, hesabuni kwamba mtalala huko huko Malé au Hulhumalé, mji ulio jirani na uwanja, huku usiku mmoja wa hoteli mliyoilipia unapita bila nyinyi. Kwa hiyo kwa wanaotoka Dar au Nairobi kupitia Doha au Dubai, tiketi ya kuitafuta ni ile inayotua Malé asubuhi. Nimeona watu wanaokoa dola 80 kwenye tiketi wakapoteza chumba cha dola 600.

Nauli ya ndege ya majini kwenda na kurudi huwa dola 400 hadi 600 kwa kila mtu, na mara nyingi haimo kwenye bei ya chumba mnayoiona mtandaoni. Mzigo ni kilo 20 kwa kila mtu na kilo 5 za mkononi. Ukitoka Dar na masanduku mawili ya kilo 23, ziada utailipia pale kaunta. Saa kamili ya kuruka mnaambiwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, na ndege inaweza kupita visiwa viwili vitatu ikishusha watu kabla ya kufika kwenu. Hata hivyo nasema wazi, kama hela ipo, ipandeni angalau mara moja. Inaruka chini chini, rubani mnamuona pale mbele, na kutoka dirishani visiwa vinaonekana kama shanga zilizomwagwa kwenye kitambaa cha buluu.

La pili ni upepo. Hapa sisi watu wa pwani tuna faida, kwa sababu ni pepo zile zile. Kaskazi inapovuma kwetu, kwao pia inavuma, na ndicho kiangazi chao: Desemba hadi Aprili, bahari safi, mvua chache, bei juu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba au Novemba upepo unageuka, unawajia kutoka kusini magharibi na mvua pamoja na mawimbi. Bei zinashuka sana. Haina maana kwamba mvua inanyesha kutwa; mnaweza kupata siku nne za jua kali mfululizo, au mkapata tatu za mawingu. Atakayekwenda Juni akitarajia Februari atasononeka.

Sasa fuatilieni hili, kwa sababu halimo kwenye matangazo. Nyumba za upande wa machweo huuzwa ghali kuliko za upande wa mawio. Wakati wa kaskazi ni sawa, maana upande wa magharibi umejikinga na upepo, maji yanalala. Lakini Julai na Agosti upande huo huo ndio unaopigwa. Unalipa zaidi ili usikie mawimbi yakigonga nguzo chini ya kitanda usiku kucha, na asubuhi ngazi wameifunga kwa kamba kwa sababu ya mkondo. Ukienda miezi hiyo, nyumba ya mawio inaweza kuwa tulivu zaidi na ya bei nafuu zaidi. Uliza hoteli: nyumba hii inatazama upande gani, na mwezi huu upepo unatoka wapi?

La tatu ni kilichomo majini. Kuna visiwa ambavyo ukishuka ngazi ya chumbani, hatua ishirini mbele unakutana na mwamba wa matumbawe, kasa, samaki wa kila rangi, na papa wachanga wenye ncha nyeusi ya pezi ambao hawana shida na mtu. Kuna vingine ni mchanga mweupe mtupu: maji mazuri kwa picha, kina cha kiunoni, samaki hakuna. Na vipo vya kufukiwa, yaani mchanga umepampiwa kutoka chini ya bahari hadi kikapatikana kisiwa. Kwenye hivyo nyumba ni mpya na za kuvutia, lakini kuona samaki hadi mpande boti. Tena hata miamba ya asili haiko sawa. Joto la bahari la mwaka 1998 na la 2016 liliua matumbawe mengi sana huko, kama lilivyotuumiza na sisi mwaka huo wa 1998. Msiridhike na jibu la "tuna mwamba mzuri". Tafuteni video walizopiga wageni wa miezi ya karibuni, siyo picha za hoteli.

Kama mmoja wenu hajui kuogelea, kile kisiwa cha mchanga mtupu ndicho chenu. Mtashuka ngazi mkiwa mmeshikana mikono na miguu inagusa chini. Jaketi za kuelea hoteli nyingi hutoa bure, ombeni siku ya kwanza.

Na jambo ambalo wateja wangu wengi hulikataa mwanzoni: msilale juu ya maji siku zote. Usiku mbili au tatu kaeni nyumba ya mchangani, yenye miti na kivuli, halafu mbili za mwisho mhamie juu ya maji. Saa sita mchana sakafu ya nje inaunguza, kivuli ni cha mwavuli mmoja, na umbali wa kwenda kula kwenye daraja refu la mbao unaweza kuchosha. Bei ya mchangani ni nafuu kwa mbali, na hoteli zinahamisha masanduku zenyewe. Kumalizia na juu ya maji kunatia hamu kila siku inayopita.

Maswali yanakaribishwa.

#2

Asante sana dada, uzi wenye akili. Naoa mwezi wa kumi na moja Inshallah. Nimeona chumba kimeandikwa dola 500 kwa usiku halafu kuna alama mbili za kujumlisha pembeni. Hizo ni nini? Na je, wanatoa punguzo la fungate?

#3 (mwanzisha uzi)

Hongera sana kaka, Mungu awatangulie.

Alama hizo maana yake bei haijakamilika. Juu ya dola 500 weka asilimia 10 ya huduma, inakuwa 550. Juu ya hiyo 550 weka kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Hapo ni dola 93.50, jumla 643.50. Halafu kuna kodi ya mazingira: hotelini ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa hiyo nyinyi wawili 24. Chumba chako cha 500 ni dola 667.50 kwa usiku, na hujala wala hujapanda boti. Hesabu hiyo hiyo ya huduma na kodi inakwenda kwenye soda, kwenye samaki, kwenye kila unachosaini pale.

Ndiyo maana mpango wa chakula una uzito kuliko mnavyodhani. Kisiwa ni hoteli tupu. Hakuna duka la kona wala mama ntilie, na jikoni ni la hoteli peke yake. Ukichukua chumba na kifungua kinywa tu, chakula cha mchana na cha usiku utakula kwa bei wanayotaka wao. Kwa wanandoa wasiokunywa pombe, naona milo mitatu inatosha, au kifungua kinywa na chakula cha usiku kama hamna mazoea ya kula sana mchana. Ule mpango wa kila kitu ndani unalipa kwa wenye kunywa. Ulizeni tu kama maji ya kunywa yamo.

Punguzo la fungate lipo, na ni la kweli: wengine hutoa chakula cha usiku cha wawili ufukweni, wengine hupamba kitanda, wengine hupunguza bei ya chumba kwa upande wa bibi harusi hasa. Sharti lao ni cheti cha ndoa, na ndoa iwe haijazidi miezi sita au kumi na miwili, kutegemea hoteli. Kama cheti chako kimeandikwa Kiswahili kitupu, mtumie mtu wa hoteli mapema akubali kwa maandishi, usingoje kaunta. Na kama harusi ni Novemba, epukeni kusogeza safari mpaka Krismasi na mwaka mpya. Wiki hizo bei hupaa na hoteli nyingi zinalazimisha mlipie chakula cha sherehe, mtake msitake.

#4

Assalaam aleykum dada. Mimi niko Mombasa, tunatimiza miaka kumi ya ndoa na mume wangu anataka anipeleke. Najistiri. Nina wasiwasi na hayo mambo ya kuvaa nguo za kuogelea mbele za watu, na chakula pia. Halafu nimesikia bila hoteli za ghali hakuna cha maana huko.

#5 (mwanzisha uzi)

Waaleykum salaam dada yangu, na mabruki kwa miaka kumi.

Maldivi ni nchi ya Kiislamu. Chakula halali ndiyo kawaida, wafanyakazi wa hotelini wana msikiti wao humo kisiwani, na wageni huruhusiwa kuswali, ulizeni tu mapokezi. Nguruwe na pombe vipo hotelini kwa ajili ya wageni, kwa hiyo mwambie mpishi siku ya kwanza na atawaelekeza meza ipi ina nini. Pombe msibebe hata chupa ya zawadi mliyonunua njiani, inashikwa uwanjani. Sigara za kielektroniki nazo zimepigwa marufuku.

Kwa kujistiri, nyumba ya juu ya maji ndiyo inayokufaa kuliko zote. Unashuka kwako, unaogelea kwako na vazi lako la kuogelea la kujifunika. Ila sakafu za nje hazijazibwa sawasawa. Hoteli nyingine jirani anakuona ukisimama pale, na boti zikipita zinakuona. Omba nyumba ambayo pembeni ina ukuta wa mbao, au ya mwisho wa daraja. Ukiwa na bwawa dogo lako, uliza kama wa juu ya daraja anaona ndani.

Na hilo ulilosikia, kwamba bila hoteli za ghali hakuna cha maana, si kweli. Tangu 2009 serikali iliruhusu gesti kwenye visiwa wanavyokaa wenyeji, na sasa ziko nyingi. Maafushi ndiyo maarufu: boti ya kasi kutoka Malé ni kama nusu saa hadi dakika 45 kwa dola ishirini na kitu, na feri ya umma ni dola chache tu ila inachukua saa moja na nusu. Gesti nzuri utaipata kwa dola 50 hadi 100 kwa usiku, na kodi ya mazingira kwenye gesti ndogo ni nusu, dola 6. Mtaani ni kama mtaa wowote wa pwani yetu: adhana, watoto wanarudi madrasa, wazee wamekaa barazani jioni. Wewe utajisikia nyumbani kuliko mgeni yeyote. Wageni wanaovaa nusu uchi wametengewa ufukwe wao peke yao.

Nawashauri watu wa kipato cha kati hivi: kaeni gesti siku tatu au nne, nendeni kutazama samaki kwa boti, halafu malizieni kwa usiku mmoja au mbili juu ya maji kwenye hoteli inayofikika kwa boti ya kasi. Hamtapungukiwa na chochote, na gharama inashuka sana. Ila safari ikiangukia Ramadhani, jueni kwamba kwenye visiwa vya wenyeji mikahawa mingi hufungwa mchana.

#6

Mimi napingana kidogo. Sisi tuna Zanzibar, tuna Pemba, tuna Mafia. Kwa nini fedha ziende Maldivi? Si bahari ni ile ile ya Hindi? Mtu ajenge tu hizo nyumba Paje au Nungwi.

#7 (mwanzisha uzi)

Mkuu, nimekulia pwani ya mashariki ya Unguja na hoja yako naiheshimu, tena inaniuma. Lakini sikiliza sababu, ni ya maji yenyewe.

Kwetu wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita nne. Unakumbuka Paje au Jambiani maji yakitoka: unatembea kwa mguu hadi kwenye mwamba, akina mama wako kwenye mashamba ya mwani, mitumbwi imelala ubavu kwenye mchanga. Nyumba ya juu ya maji ukiijenga pale, nusu ya siku itakuwa nyumba ya juu ya matope, na ngazi yako itaishia hewani. Maldivi maji hayapandi wala kushuka zaidi ya mita moja hivi. Polinesia ya Ufaransa, ambako nyumba hizi zilianzia, ni chini ya nusu mita. Huko zilijengwa mara ya kwanza mwaka 1967 kisiwani Raiatea na Wamarekani watatu waliokuwa na hoteli isiyo na ufukwe mzuri, wakaamua kuweka vibanda juu ya maji kwa namna ya nyumba za wavuvi. Bahari yao iliwaruhusu.

Kwa kwetu, panapowezekana ni maji ya kina yasiyokauka, na Pemba walipata njia nyingine. Mwaka 2013 ilifunguliwa pale Kigomasha nyumba inayoelea, iliyobuniwa na msanii wa Uswidi Mikael Genberg. Juu ni pa kuota jua na kutazama nyota, katikati usawa wa maji pana sebule na choo, na chumba cha kulala kiko chini ya bahari, madirisha pande zote, usiku taa zinawaka na samaki wanakuja wenyewe hadi kwenye kioo. Kwa kuwa inaelea, inapanda na kushuka pamoja na maji. Ni chumba kimoja tu, wawili wenyewe baharini. Si bei ya chini, usidhani hivyo kwa kuwa ni nyumbani. Lakini mtu wa Dar anafika bila pasipoti, na nikiulizwa na wenye uwezo, huwa naitaja kabla ya Maldivi.

Mafia nayo: papa potwe kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, pale Kilindoni. Huko Maldivi watu hulipa hela nyingi kwenda kusini mwa Ari, moja ya makundi ya visiwa vyao, kuwaona samaki hao hao. Wapenzi wanaotaka kuogelea na potwe na kulala kwenye banda zuri la mchangani, Mafia inawatosha kabisa.

#8

Na Bora Bora je? Mchumba wangu ameng'ang'ania huko.

#9 (mwanzisha uzi)

Ni pazuri, ule mlima wa Otemanu nyuma ya nyumba hauna mfano Maldivi, ambako visiwa ni tambarare kabisa. Ila kutoka huku ni upande wa pili wa dunia. Bora Bora iko Polinesia ya Ufaransa, ambayo haimo ndani ya Schengen, lile eneo la viza moja la Ulaya, kwa hiyo viza yake inaombwa kivyake, na tiketi nyingi zinapita Marekani, ambako hata kupita tu mwenye pasipoti yetu anatakiwa viza. Maldivi viza unagongewa pale uwanjani bure, siku 30. Mkiwa na siku chini ya kumi na nne, Bora Bora mtaimalizia kwenye ndege. Mwambie dada huyo kwa upole, na mpe picha za Baa, kundi jingine la visiwa vya Maldivi, ambako samaki wakubwa aina ya taa, manta, hukusanyika ghuba ya Hanifaru kati ya Juni na Oktoba. Anaweza kubadilika mwenyewe.

#10

Dada, mimi niko Maskati kikazi, mke wangu yuko Unguja. Tulifunga ndoa nikarudi kazini baada ya wiki moja, fungate hatukupata. Likizo yangu ni Februari. Naweza kumpokea Maldivi moja kwa moja badala ya mimi kurudi halafu tuondoke tena? Anasafiri nje kwa mara ya kwanza, naogopa kumsumbua.

#11 (mwanzisha uzi)

Inawezekana kaka, na Februari ndiyo mwezi wenyewe.

Wewe fika kwanza. Chukua ndege inayotua Malé mapema asubuhi au hata jioni iliyotangulia, ulale Hulhumalé, ili yeye akitoka nje akukute umesimama pale. Asitoke mtu akaanza kutafuta mtu kwa simu isiyo na laini. Yeye atokee Unguja au Dar kwa tiketi moja yenye vipande vyote, mzigo uende mpaka Malé, abadilishe ndege mara moja tu Doha au Dubai. Mpigie video umuonyeshe namna ubao wa uwanja unavyosomwa, geti ni nini, na kwamba hapo katikati hatoki nje ya uwanja wala hahitaji viza.

Chagueni kisiwa cha boti ya kasi. Ndege yake ikichelewa saa tatu, boti ya baadaye ipo hata usiku kwa hoteli nyingi, lakini ndege ya majini haitamngoja. Hotelini andikisheni majina yote mawili kwenye nafasi moja, na yeye awe na nakala ya karatasi mkononi pamoja na tiketi ya kurudi, kwa sababu uhamiaji wa Malé wanataka kuona mahali pa kulala na tiketi ya kutoka. Kila mmoja ajaze fomu ya serikali yao mtandaoni, ile ya IMUGA, ndani ya saa 96 kabla ya kuruka. Ni bure, tovuti inayodai malipo achana nayo.

Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano aibebe. Wanaidai kwa watu wanaotoka au kupita nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na mtu wa Afrika Mashariki asiwe na mabishano na afisa siku hiyo. Achanjwe angalau siku kumi kabla ya safari.

#12

Nimeelewa dada, Mungu akulipe. Swali la mwisho: usiku wa kwanza tulale juu ya maji au mchangani?

#13 (mwanzisha uzi)

Mchangani, kaka. Atakuwa amesafiri usiku kucha, na nyinyi hamjakaa pamoja muda mrefu. Mpe siku mbili za kulala, kula na kuzungumza chini ya miti. Ya tatu mhamie juu ya maji, upande wa machweo, maana Februari ni kaskazi na maji yatakuwa yamelala. Nitumie tarehe zako za likizo zikishathibitishwa na mwajiri, siyo kabla, tuangalie hoteli zinazorudisha kianzio ikiwa likizo itasogezwa.